Theluji kwa Mikono

Tarehe 4 Desemba 1950, katika vita vya Korea, ndege ya Jesse Brown, rubani mweusi wa jeshi la majini la Marekani, ilipigwa ikaanguka mlimani karibu na bwawa la Chosin. Mguu wake ulibanwa ndani, na injini ilifuka moshi. Mwenzake mzungu, Thomas Hudner, aliiangusha ndege yake makusudi karibu naye, akazoa theluji kwa mikono kuizima injini. Helikopta ikaja na shoka, halikufaa kitu. Brown alimwomba ampelekee mkewe, Daisy, salamu za upendo. Giza lilipokaribia walilazimika kumwacha.

Kwa hesabu ya vita, ndege ya pili ilipotea bure. Mwaka 1951 Hudner alipewa nishani ya juu kabisa, lakini nishani haijibu swali letu: je, upendo hupimwa kwa matokeo yake?

Soma Luka 10:30-37. Majeruhi yule alipona? (Wengi wetu hudhani tumesoma hivyo.) Yesu hakusema.

Je, yupo mgonjwa uliyeacha kumtembelea kwa sababu madaktari wamekata tamaa?