Moto wa Makaa



Wiki iliyopita kaka mmoja wa VIWAWA aliniuliza kwa nini sijaandika kitu tangu Pasaka. Nikamwambia nilikuwa na kazi nyingi. Kazi zilikuwepo kweli, ila sababu yenyewe ilikuwa jiko.

Likizo ile ya mwaka 2025 nilikaa kwa Mama mdogo, Kariakoo. Amepanga vyumba viwili katika moja ya zile nyumba za Kiswahili chache zilizobaki, zimebanwa na maghorofa kila upande. Asubuhi anauza chai, chapati na supu kwa wamachinga. Alikuwa amenunua jiko jipya la feni, lile linalotumia pelleti, vile vijiti vifupi vya maranda yaliyoshindiliwa (ukiviona unaweza kudhani ni chakula cha kuku). Si mnajua, siku hizi kila mahali ni nishati safi ya kupikia. Mkakati wa Taifa wa 2024 hadi 2034 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo mwisho wake. Mama mdogo akasema na yeye asiachwe nyuma.

Miezi ya kwanza jiko lilikuwa raha tupu. Moto wa bluu, sufuria haina masizi. Masika ilipoanza, likaanza visa. Unaliwasha, linatoa moshi mzito mweupe, mwali unashika dakika kumi, unakufa. Moshi tena. Wapangaji wakaanza kulalamika, na hapa mjini mtu akinusa moshi hapuuzi. Soko Kuu liliungua Julai 2021 na watu hawajasahau.

Mimi nina shahada ya falsafa. Nikalitazama lile jiko kwa sababu nne za Aristotle, nacheka nikiandika hivi lakini ndivyo nilivyofanya. Sababu ya lengo: chai. Ya umbo: jiko ni zima, halijapasuka. Iliyobaki ni ya kitu, yaani pelleti, na ya utendaji, yaani feni. Pelleti zilikuwa zimekula unyevu, kwa hiyo nikazianika kila jua lilipochungulia. Feni ilikuwa inazunguka kwa uvivu, nikaigongagonga. Hakuna kilichobadilika. Basi nikapata wazo langu kubwa: nikajaza mkaa wa kawaida badala ya pelleti. Moshi ukaisha! Yakabaki makaa mekundu, yametulia, mazuri kabisa. Mama mdogo akaniambia, "Baba, kumbe shule inasaidia."

Ijumaa Kuu, tarehe 18 Aprili, nilisoma Mateso kadiri ya Yohane, nafasi ya msimulizi. Kuna mahali watumishi na walinzi wamewasha moto wa makaa uani kwa kuhani mkuu kwa sababu kulikuwa na baridi, na Petro amesimama nao anaota moto. Niliusoma mstari ule kwa sauti nzuri sana. Nilikuwa nawaza sauti yangu.

Jumamosi ya tarehe 26 tulishinda tunatazama mazishi ya Papa Fransisko kwenye simu ya Mama mdogo. Jioni mvua ikashuka, ile ya Dar inayopiga mabati mpaka hamsikilizani. Upepo ukawa wa baridi. Mimi ni mtu wa Njombe. Kwetu Juni na Julai ndiyo baridi, ya Dar tunaiita hali ya hewa. Lakini tulikuwa tumeloa, na uani kumejaa maji. Mama mdogo alikuwa na unga wa chapati umekwisha kukandwa. Nikamwambia, "Tuliingize ndani, Mama. Si halitoi moshi tena?" Yeye akasita. Mimi nikalibeba, nikaliweka katikati ya chumba, nikafunga mlango na dirisha ili mvua isiingie.

Hapa niwaambie kitu ambacho nilikijua toka utotoni na bado nikakifanya. Makaa yakiwaka bila hewa ya kutosha yanatoa gesi ya kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu. Inaishika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, kwa hiyo mtu anapumua vizuri tu huku mwili unakosa hewa. Kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu inalegea, usingizi. Nyanda za Juu, msimu wa baridi, watu wamelala na jiko chumbani na hawakuamka. Moshi ule mweupe tuliouchukia ulikuwa angalau unatufukuza. Mimi niliuondoa, nikabaki na kile kisichofukuza mtu.

Mdogo wangu, binti wa Mama mdogo, yuko kidato cha pili. Alikuwa anasoma kitandani. Saa mbili usiku akasema kichwa kinamgonga. Nikamwambia anywe maji. Baadaye kidogo akainuka kwenda kutapika, akaanguka mlangoni. Namshukuru Mungu kwamba alianguka mlangoni, kwa sababu ndipo mlango ulipofunguliwa. Tukambeba nje kwenye mvua, tukapata bajaji, tukaenda hospitali. Wakamwekea oksijeni.

Muuguzi akauliza, "Nani aliingiza jiko ndani?"

Mama mdogo alikuwa analia, hakujibu. Nikajibu mimi: "Mama alikuwa anapika ndani kwa ajili ya mvua." Yachambueni maneno yale kama tunavyofanya darasani, hamtapata uongo. Kila neno ni kweli. Muuguzi akamgeukia Mama mdogo na kumsema vikali mbele ya watu wote, na mimi nimesimama pembeni nimevaa rozari shingoni.

Binti aliruhusiwa kesho yake, Jumapili ya Huruma ya Mungu, mzima. Mwenye nyumba akaja kumwambia Mama mdogo kwamba akirudia atahama. Mimi nilikuwa chumbani, nasikia kila kitu, nashika Breviari.

Jumatatu nikalipeleka jiko Gerezani kwa fundi. Alilifungua kwa bisibisi, akatoa feni: imejaa unga wa ngano. Bila shaka, linakaa chini ya meza ya chapati! Chini, kwenye wavu, majivu yalikuwa yameyeyuka yakagandamana kama vipande vya kioo. Halafu akanionyesha tundu ndogo za juu, zile zinazozunguka mdomo wa jiko. Zote zimezibwa na masizi na mafuta. Akanieleza vizuri kuliko nilivyowahi kueleza chochote: pelleti zikipata joto zinatoa gesi, ile ndiyo moshi, hewa ya tundu za juu ndiyo inayouchoma ule moshi ukawa mwali. Tundu zikiziba, moshi unatoka mbichi. Pelleti nzima ukiivunja inalia. Ikimumunyuka mkononi imeshaharibika, haifufuki kwa kuanikwa. Safisha wavu kila siku, tundu za juu kila wiki kwa waya, jiko likae mbali na unga, na upikie penye hewa hata kama mvua inanyesha mawe.

Kisha akaokota kipande cheusi. "Hiki ni mkaa wa kawaida. Nani kaweka mkaa humu?"

"Sijui," nikasema. Fundi ambaye hanijui, ambaye hangenifanya lolote!

Jogoo hakuwika. Au aliwika, Kariakoo jogoo wako kwenye matenga sokoni, wanawika saa zote, hakuna anayewasikiliza.

Jumapili ya tatu ya Pasaka, tarehe 4 Mei, Injili ilikuwa Yohane 21. Wanafunzi wanashuka pwani, wanakuta moto wa makaa, juu yake samaki, na mkate. Katika Kigiriki cha Yohane neno ni anthrakia, na katika Agano Jipya zima linatokea mara mbili tu: uani kwa kuhani mkuu, na hapa ziwani. Hilo nilifundishwa, niliwahi hata kulijibia mtihani. Siku ile nililisikia kwa pua. Petro ametoka majini ameloa, na harufu ya kwanza inayompokea ni ile ile ya usiku ule. Yesu angeweza kuwasha moto wa kuni. Wala hamuulizi kitu mpaka wamekwisha kula. Kwanza anaomba samaki waliowavua wao, wanakula, ndipo anaanza: unanipenda? Mara tatu, na Petro anahuzunika. Siku zote niliona huzuni ile kama udhaifu kidogo. Sasa sioni hivyo.

Jioni Mama mdogo alikuwa uani, jiko linawaka bluu. Nikakaa kwenye kigoda. Nikamwambia yote: wazo la mkaa, mlango, muuguzi, fundi. Nilimwambia pia kwamba nilimsikia mwenye nyumba na nikanyamaza. Kumwambia padre katika Kitubio siku mbili nyuma kulikuwa rahisi zaidi, nakiri, na padre aliniambia wazi kwamba bado nina safari ya kwenda uani.

Hakuinua uso. Aligeuza chapati. "Mwanangu, mimi nilikuwepo. Ulidhani nimesahau nani alifunga mlango?"

"Kwa nini hukusema?"

"Ungeenda wapi? Uko kwangu." Akaitoa chapati, akaikunja, akanipa kwa mkono. "Kula. Ukimaliza, mwenye nyumba yupo. Nimeona taa yake inawaka."

Nilikula yote, polepole kuliko kawaida. Kisha nikanawa mikono, nikavuka uani kwenda kubisha hodi.