Saa ya Mwalimu ni Mali ya Nani?

Kuchagua baina ya jema na baya si kazi kubwa kwa mwenye akili. Kazi ni kuchagua baina ya jema na jema. Kufundisha ni jema, na kuendesha uchaguzi wa haki ni jema. Lakini mtu mmoja hawezi kuwa mahali pawili kwa wakati mmoja, na mshika mbili moja humponyoka.

Walimu wa shule za serikali nchini India wamo katika shida hiyo. Kifungu cha 324 cha Katiba yao humtaka Rais au Gavana aipatie Tume ya Uchaguzi watumishi inaowahitaji. Walimu ni wengi, wameenea hata vijijini, na wanajua kusoma na kuandika. Basi wao huitwa. Huandikisha wapiga kura nyumba kwa nyumba, na siku ya kura husimamia vituo. Darasa hubaki na watoto bila mwalimu.

Shauri lilifika mahakamani. Tarehe 6 Desemba 2007, katika kesi baina ya Tume na shule moja ya Delhi, Mahakama ya Juu iliamua kuwa walimu wapewe kazi hizo siku za mapumziko na siku zisizo za masomo, na kwamba kwa kawaida wasiondolewe saa za kufundisha. Kisha sheria ya elimu ya 2009 ikakataza mwalimu kutumwa kazi isiyo ya elimu, isipokuwa sensa ya kila miaka 10, misaada ya maafa, na uchaguzi. Sheria ilifunga mlango, ikaacha dirisha wazi.

Yuko atakayesema: mwalimu hula mshahara wa umma, na umma ukimwita sharti aitike, tena pasipo uchaguzi, shule yenyewe itakuwa mikononi mwa watawala wasioulizwa. Hoja hii ni nzito. Lakini hudhani kwamba saa ya darasa ni mali ya mwalimu au ya serikali. Sivyo. Kwa badiliko la Katiba la 2002, mtoto wa India wa miaka 6 hadi 14 ana haki ya elimu. Saa ile ni yake. Mwalimu ameiwekewa amana tu. Serikali iichukuapo haitoi chake, bali hukopa kwa mtoto. Na mtoto huyo hana kura, hakuulizwa, wala hana wakili. Tena mara nyingi ni mtoto wa maskini, maana wa tajiri yuko shule nyingine.

Sisemi mwalimu akatae wito. Nasema kila akopaye hulipa. Siku iliyotwaliwa darasani irudishwe darasani, na wasio walimu waitwe kwanza. Taifa lisilolipa deni hili litapata kura zilizohesabiwa sawasawa, na wapiga kura wa kesho wasioweza kusoma majina ya wale wanaowachagua.