Haki ya Mgeni Asiyelipa

Ifikapo Septemba, majani yanapoanza kupukutika katika nchi za kaskazini, vitwitwi kutoka Siberia huwa wamekwisha kushuka katika hori ya Mida, karibu na Watamu. Maji yakupwapo, hutawanyika juu ya matope mbele ya mikoko, wakidona wadudu na kaa wadogo. Wengi hukaa hadi Aprili, kisha hurejea kwao kutaga.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kitwitwi hashiki jembe, halipi kodi, wala hatoi shukrani. Je, ana haki gani kwetu?

Wako wasemao kuwa kisicho na faida hakina haki. Neno hilo ni la hatari, maana mtoto mchanga na mgonjwa nao hawashiki jembe. Tena ndege huyu haishi kwa hisani ya nchi moja: akikosa kiota Siberia, Mida haitamwona, akikosa kushiba Mida, Siberia haitamwona. Basi yeye ni amana mikononi mwa watu wasiojuana, na amrushiaye mawe kwa mchezo huwadhulumu wengi asiowaona.

Uadilifu wetu hupimwa kwa jinsi tumtendeavyo asiyeweza kutulipa wala kutushitaki. Kwa hiyo, msomaji, ukifika horini, mtazame kwa utulivu, nawe uondoke ukimwacha akila.