Nguvu na Makali

Wahenga walisema, mchagua jembe si mkulima. Watu wengi hutumia neno hili kumkemea kila asimamaye kidogo ili akitazame chombo chake cha kazi. Wadhani kunoa ni hila ya mvivu, na kwamba mwenye bidii hutenda kwa chochote kilichomo mkononi. Je, ni kweli? Bidii yaweza kushika mahali pa makali?

Twende katika karakana ya mkerezaji tukatafute jibu. Kijana mmoja alikuwa akikereza chombo cha maua kwa gogo la mvule. Kwa siku tatu alishughulikia umbo la nje, nalo likapata sura ya kupendeza. Ilibaki kutoboa ndani kwa keekee pana ya milimita 50. Gogo likazungushwa na kerezo, na keekee ikasukumwa kuingia. Badala ya maranda, tundu lilitoa vumbi jeusi na moshi. Kijana alijua kuwa keekee ni butu. Lakini aliona haya kusimama mbele ya wenzake, akasukuma kwa nguvu zaidi. Joto liliukausha mti kwa ndani, ukapasuka toka juu hata chini. Kazi ya siku tatu ilipotea kwa kuogopa robo saa ya kunoa.

Keekee kubwa hudai uangalifu kuliko ndogo. Katika mzunguko mmoja, ukingo wa keekee ya milimita 10 husugua mti kwa urefu wa milimita 31 hivi. Ukingo wa ile ya milimita 50 husugua milimita 157. Palipo na msuguano mwingi pana joto jingi. Kwa hiyo fundi hupunguza mwendo wa kerezo, na huivuta keekee nje mara kwa mara ili maranda yatoke. Hata hivyo, mwendo wa polepole hauponyi ubutu. Ndivyo ilivyo kwa wanadamu: kosa la mwenye cheo kikubwa hugusa wengi kuliko kosa la mdogo.

Tena kunoa kuna sheria zake. Makali ya pande mbili lazima yalingane. Upande mmoja ukizidi, ndio utakaokata peke yake, na wa pili utazunguka bure. Meno ya ukingoni hunolewa kwa tupa upande wa ndani tu. Ayasuguaye kwa nje ili yang'are huyapunguzia upana wake. Basi keekee hutoboa tundu dogo kuliko mwili wake yenyewe, ikakwama humo. Nani hajamwona mtu wa namna hii? Hujisugua nje apate kung'aa machoni pa watu, na ndani amebaki butu. Siku ya kazi hukwama katika tundu alilolitoboa mwenyewe.

Labda msomaji atasema kuwa wako wanaonoa daima wasitende kitu. Ni kweli, na hasara yao ni dhahiri, maana kila mpito wa tupa hula chuma. Anoaye bila haja huimaliza keekee kabla ya kazi. Kipimo cha haki ni mti wenyewe: ukitoa maranda safi, endelea, ukitoa vumbi na moshi, simama.

Basi wahenga hawakukosea. Walimlaumu achaguaye jembe, hawakumlaumu alinoaye. Mchaguzi hulalamikia chombo, lakini mnoaji hukirekebisha. Mwanafunzi anayerudia somo asilolielewa, naye akacheko cha wenzake akakivumilia, hapotezi wakati wake. Aibu ya kusimama na kunoa hupita upesi. Mti uliopasuka haurudi kuwa mzima.