Je, Mama Aliyerithisha Ugonjwa Ana Kosa?

Katika kisiwa cha Panay, nchi ya Ufilipino, upo ugonjwa ambao wenyeji huuita lubag. Mwanamume mwenye nguvu zake, akifika yapata miaka 40, huanza kupindika shingo, au taya, au mguu, bila kutaka. Baadaye mwili wakakamaa, naye huburuta miguu kama wafanyavyo wenye ugonjwa wa Parkinson. Wanawake wanaougua ni wachache sana. Watu wa Capiz, jimbo la kisiwa hicho lenye wagonjwa wengi, wamesingiziwa uchawi tangu zamani, na wataalamu wengine hudhani kwamba miili hiyo iliyopindika ndiyo iliyowatia majirani hofu. Aliyekulia kijijini hahitaji kuelezwa zaidi.

Madaktari waliandika habari za ugonjwa huo mwaka wa 1976, na mwaka wa 2007 kasoro yenyewe ikaonekana, katika jeni iitwayo TAF1. Jeni ni kama agizo dogo ambalo mtoto hupewa na wazazi wake atungwapo mimba. Agizo hili mwanamume analo moja tu, alilolipata kwa mama yake. Mwanamke anayo mawili, na lile lililo zima kwa kawaida humkinga. Kwa hiyo mama mwenye afya njema aweza kumrithisha mwanawe ugonjwa, na kwa kila mwana wa kiume hatari ni nusu kwa nusu. Baba mgonjwa hawarithishi wana wake wa kiume, bali binti zake wote huichukua kasoro hiyo.

Je, mama huyo ana kosa? Hana. Kosa lataka kujua na kukubali. Yeye hakujua wala hakuchagua. Alitoa uhai, na kasoro ikafuatana nao kama rangi ya macho inavyofuatana nao. Asemaye kwamba ukoo huo umelaaniwa ameuita ugonjwa hukumu.

Lakini swali halikomi hapo, kwani siku hizi damu yaweza kupimwa. Tena binti wa baba mgonjwa hana haja ya kupimwa, ajua tayari. Siku ya kuchumbiwa, aseme au anyamaze? Wako watakaomshauri anyamaze: dawa ya kuponya haipo, na kusema ni kujifungia mlango wa ndoa. Neno hilo lina uzito, lisidharauliwe. Hata hivyo mchumba ndiye atakayekuwa baba wa watoto hao, na kumficha ni kuamua peke yake jambo la watu wawili. Aseme. Binti ambaye kaka yake ndiye mgonjwa yumo katika shaka tu; huyo asilazimishwe kupimwa, yatosha aiseme shaka yake.

Na mchumba akiisha kusikia akaondoka, asilaumiwe upesi. Lakini akienda kuyasimulia sokoni, hata wadogo wa yule binti wakakosa wa kuwaposa, hapo mwenye kosa yupo, wala siye mama.