Mzigo wa Mtani

Kuna swali ambalo mwenye kukaa barazani hulijibu upesi, na mchimba kaburi hulijibu polepole: je, wema unaoweza kumdhuru mwenye kutendewa, hubaki kuwa wema? Swali hili liliturudia mwaka 2020, wakati wa korona, likawakuta watu wa vyama vya kuzikana wameshika sanda mikononi. Napenda kulitafutia jibu mbali kidogo na mwambao wetu, huko Tabora, penye njia panda ya misafara ya kale. Desturi ya kumhudumia asiye ndugu ilikomaa katika njia ile, na maradhi nayo yalipita humo humo.

Msafara ulioanzia pwani ulitembea miezi kabla ya kufika Unyanyembe. Burton na Speke waliondoka mwezi wa Juni 1857, wakaingia Kaze mwezi wa Novemba. Kutoka hapo njia iligawanyika, moja ikienda Ujiji, nyingine ikipanda kaskazini hadi Karagwe na Buganda. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba mzigo wa frasila mbili hivi, pembe akishuka pwani, nguo na shanga akirejea. Mtu wa namna hiyo akifa njiani, nani atamzika? Mama yake yuko mbali, na habari za kifo zitamfikia baada ya mvua mbili.

Jibu mojawapo la njia lilikuwa utani. Wengi walioichunguza desturi hii wanauhusisha utani wa Wanyamwezi na Wazaramo, na wa Wanyamwezi na Wagogo, na safari hizo. Watani hukejeliana bila kukasirikiana, na hunyang'anyana vitu kwa mzaha. Msiba ukiingia, mtani ndiye hushika jembe. Ndani yake mna hekima ambayo hatuitazami sana. Mfiwa amelemewa na machozi, lakini mtani ana macho makavu, kwa hiyo mikono yake ina nguvu. Hata mzaha wake ni kazi: huigiza mwendo wa marehemu mpaka aliyekuwa akilia akajikuta anacheka, na akicheka ameanza kupona. Kwa maana hiyo utani ni chama cha huduma kisicho na daftari wala mweka hazina, na vyama vingi vya kuzikana vya mijini vimefuata nyayo zake.

Lakini njia iliyoleta mtani ilileta pia kifo. Dakta James Christie, tabibu aliyekuwa akiishi Unguja, alichapisha London mwaka 1876 kitabu kizima juu ya kipindupindu katika Afrika ya Mashariki. Aliyafuata maradhi kituo baada ya kituo, akayakuta yakitembea kwa miguu ya wafanyabiashara; hata yale yaliyofika Unguja mwaka 1869 yalishuka kutoka bara kwa njia za misafara. Ndui nayo iliwaandama wapagazi kambi hadi kambi. Basi mkono uliomnywesha mgonjwa maji uliweza kumpelekea mwingine ugonjwa.

Tuje sasa kwenye korona. Tanzania ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza tarehe 16 Machi 2020. Shule zilifungwa, lakini misikiti na makanisa yalibaki wazi. Na baada ya mwisho wa Aprili takwimu za maambukizi zikakoma kutangazwa kwa zaidi ya mwaka mmoja. Uamuzi mzito ukashuka mabegani mwa watu wa kawaida: waosha maiti, makatibu wa vyama vya mitaa, kina mama wanaopika matanga. Twende au tusiende?

Wako waliosema kwamba utu ni kwenda, na anayeogopa msiba wa jirani hana ujirani. Wako waliosema kwamba utu ni kukaa, kwa kuwa uhai ni amana. Kila upande umeshika nusu ya haki. Anayekwenda bila hadhari huenda akauacha msiba wa pili nyuma yake. Anayekaa bila kufanya lolote amemwachia mwenzake kazi, kisha akaita uvivu wake busara. Sheria ya Kiislamu ilikwisha kuupima mzani huu pale ilipoyafanya maziko kuwa faradhi ya kifaya: wakitimiza wachache, wengine wameepukana na dhambi, asipotimiza yeyote, dhambi ni ya wote. Wajibu ni wa umma mzima, kazi ni ya wachache.

Hapa panazuka swali ambalo watoaji wa sadaka hulisahau: wachache hao ni nani? Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ni rahisi kuhimiza huduma iendelee iwapo atakayemwosha maiti ni kibarua asiye na barakoa wala akiba. Chama kinachohesabu waliohudumiwa na kisiwahesabu waliobeba, kimehamisha mzigo tu kutoka bega moja kwenda jingine lililo dhaifu zaidi.

Njia ya Tabora inatupa mfano wa watu waliobeba. Livingstone alipofariki mwaka 1873 katika kijiji cha Chitambo, Susi, Chuma na wenzao waliuzika moyo wake pale pale, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaufunga katika gome la mti. Walipofika Unyanyembe, Luteni Cameron aliwashauri wauzike huko. Wakakataa, na Februari 1874 wakawasili Bagamoyo. Walibadili namna ya kuzika ili waweze kutimiza ahadi yenyewe. Lakini baada ya Unyanyembe, watu wa njiani walipokataa maiti isipite kwao, wachukuzi hao waliifungasha upya ionekane kama mtumba wa nguo.

Tuwastahi kwa uaminifu wao, ila tusiuige mtumba ule. Mwili mkavu haukumwambukiza mtu. Maradhi yanayoenea yakifungwa kwa sura ya mtumba, anayefungua ndiye anayekufa. Mwanachama anayeitwa kwenye maziko ana haki ya kujua marehemu aliugua nini, ili achague mwenyewe atakachobeba. Kumficha ni kumfanya mpagazi wa mzigo asioujua, na huduma iliyojengwa juu ya siri hiyo imeupoteza utu ilioanzishwa kuulinda.

Kwa hiyo nasema chama kiendelee, na kiendelee kwa kugawana: wanne wazike, wengine wapeleke chakula mlangoni, wengine watume rambirambi kwa simu, na wenye kujitia hatarini walindwe kwanza. Kitapungua kitu, wala tusijidanganye. Fedha ya simu haiigizi mwendo wa marehemu, wala haimchekeshi mjane. Lakini katika utani deni la namna hiyo halifutiki, husubiri. Maradhi yakipita, mtani aliyekosa kuja huja, hata baada ya mwaka, akasimama uani na kudai kwa sauti ubeleko wa mzaha aliokoseshwa, na wenye nyumba wakajua kwamba hawakusahauliwa.