Mali Yangu ni Halali, Kwa Nini Niitangaze?



Vijana wenzangu, swali la leo limetoka kwa kijana mmoja wa hapa kwetu Tabora. Amemaliza chuo, anasubiri ajira serikalini, na kaka yake ni kiongozi anayetakiwa kila mwisho wa mwaka kujaza fomu ya Sekretarieti ya Maadili. Aliniuliza hivi: "Kama mali yangu ni halali, nimeitolea jasho, kwa nini niitangaze? Kwani Mungu si anajua?"

Nimelichukua swali hili kwa uzito kwa sababu halikuulizwa na mwizi. Limeulizwa na mtu mwema. Na sisi tunaosoma hapa, kesho na keshokutwa ndio tutakuwa walimu, wauguzi, watendaji wa kata, maafisa manunuzi, mahakimu, pengine hata wabunge. Tusipolijibu leo tukiwa hatuna kitu, tutalijibu vibaya siku tukiwa nacho.

Sheria inataka nini?

Tuanze na mambo yalivyo. Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, Na. 13 ya mwaka 1995, inamtaka kiongozi atoe tamko la maandishi la mali na madeni yake. Analitoa ndani ya siku 30 baada ya kushika wadhifa, halafu kila mwisho wa mwaka, halafu tena anapoondoka. Anataja vyake, vya mwenzi wake wa ndoa, na vya watoto wao wadogo. Mlezi wa jambo hili ni Sekretarieti ya Maadili ya Viongozi wa Umma, ambayo imetajwa katika ibara ya 132 ya Katiba.

Fomu hii inawahusu viongozi: mawaziri, wabunge, majaji, wakuu wa wilaya, madiwani na wengine waliotajwa katika sheria. Mwalimu wa darasa la tatu hajazi. Lakini asipumue mapema! Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inaruhusu afisa wa umma kutakiwa aeleze amepataje mali isiyolingana na kipato chake, na akishindwa kueleza, hilo lenyewe ni kosa.

Wazee wetu walibanwa zaidi. Azimio la Arusha, lililotangazwa Februari 5, 1967, lilimkataza kiongozi kuwa na hisa katika kampuni, kuwa na mishahara miwili, au kuwa na nyumba ya kupangisha. Mwaka 1991, kule Zanzibar, chama tawala kililegeza masharti hayo. Miaka minne baadaye ikaja sheria hii ya 1995. Angalia tofauti: Azimio lilisema, usiwe nacho. Sheria ya leo inasema, kuwa nacho, ila sema. Tumepunguziwa mzigo mkubwa tukaachiwa mdogo, na huo mdogo nao tunaulalamikia.

Neno "hongo" lilipita hapa

Sisi wa Tabora tuna sababu yetu wenyewe ya kulielewa jambo hili. Mji wetu ulikuwa njia panda ya misafara. Kutoka Bagamoyo watu walitembea miezi, wakavuka Ugogo, wakafika Unyanyembe, wengine wakaendelea hadi Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Wanyamwezi ndio walikuwa mabingwa wa kubeba.

Misafara hiyo ilipopita katika nchi ya mtemi, ililipa ushuru wa njia. Ushuru huo uliitwa hongo. Ulilipwa kwa vitambaa, shanga na nyaya, na ulijadiliwa kambini, wakati mwingine kwa siku kadhaa. Msafara mzima ulijua nini kimetoka na kimekwenda kwa nani.

Sisemi enzi hizo zilikuwa safi. Njia ile ilipitisha pembe za ndovu, na ilipitisha pia watu waliofungwa minyororo kama mizigo. Mtemi mwenye tamaa aliweza kudai apendavyo. Mwaka 1871 Mirambo na Waarabu wa Tabora walipigana vita, na njia ya Ujiji ikafungwa. Kwa hiyo tusiipambe.

Ila jiulize: neno lile lile, hongo, leo lina maana gani? Ni kile kinachopita chini ya meza, au kwenye simu ya shemeji ili jina lako lisionekane. Malipo ya njia yaliyofahamika na kambi nzima yametuachia jina la malipo ya gizani. Mwanga peke yake hauligeuzi baya kuwa jema. Anayedai rushwa hadharani bado anaiba. Lakini bila mwanga hatuna hata namna ya kutofautisha ushuru na wizi, mshahara na hongo, zawadi na bei.

Na kuna mpagazi. Alibeba mzigo wa frasila mbili hivi, kama kilo 30. Ndani yake kulikuwa na nguo au shanga ambazo hazikuwa zake. Je, alitukanwa mzigo ulipohesabiwa? Hapana. Kilichohesabiwa ni mali ya mwingine iliyokaa begani kwake. Hapo ndipo penye jibu la kijana wetu. Shamba lako ni lako. Lakini cheo si chako. Ni mzigo wa wananchi ulio begani mwako, na hakuna anayeweza kujua kama mzigo umepungua asipojua mfuko wako uliongezekaje.

"Mungu anajua, inatosha"

Wapendwa, neno hili linasikika la kiroho sana. Lakini Maandiko hayaliungi mkono.

Soma 1 Samweli sura ya 12. Samweli amezeeka, anakabidhi uongozi. Je, anasema Mungu anamjua na yatosha? Anasimama mbele ya taifa zima na kuwauliza: nimechukua ng'ombe wa nani? Punda wa nani? Nimepokea rushwa kutoka kwa nani nifumbe macho? Waliompima ni watu, na Mungu akawa shahidi. Hilo ndilo tamko la mwisho la kiongozi anayeondoka madarakani, karne nyingi kabla ya fomu yetu.

Soma 2 Wakorintho sura ya 8. Mtume Paulo anakusanya michango kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu. Hakutaka kuibeba peke yake. Aliandamana na ndugu walioaminiwa na makanisa, ili asiwepo wa kumlaumu kuhusu fedha zile, na akaeleza kwamba analenga mema mbele ya Bwana na mbele ya watu pia. Kama Paulo hakuona aibu kufuatana na mashahidi, mimi na wewe ni nani?

Kisha Matendo ya Mitume sura ya 5, Anania na Safira. Wengi tunadhani walihukumiwa kwa kubakiza hela. Soma vizuri. Petro anamwambia Anania kwamba shamba lilikuwa lake kabla ya kuliuza, na hata baada ya kuuza fedha zilikuwa chini ya uwezo wake. Kosa lao lilikuwa kusema uongo juu ya kiasi. Kwa lugha ya leo, walijaza fomu kwa udanganyifu, mume na mke wakapatana. Kuwa na mali hakukuwa dhambi. Kuificha kwa uongo ndiko kulikowaangusha.

Na Zakayo je? Mtoza ushuru, mtumishi wa serikali wa wakati wake. Yesu alipoingia nyumbani kwake, Zakayo alisimama akataja hesabu: nusu kwa maskini, na aliowadhulumu awarudishie mara nne. Hakusema "nimetubu moyoni". Alisema kiasi gani.

"Lakini mkono wa kushoto usijue..."

Najua mtanirudishia Injili ya Mathayo sura ya 6. Je, Bwana hakutufundisha kutoa kwa siri? Ndiyo, alifundisha hivyo kuhusu sadaka, ili tusitafute sifa. Siri hiyo inamlinda maskini asiaibishwe na inamlinda mtoaji asijivune. Lakini hakuna mahali aliposema mapato ya mwenye mamlaka yawe siri. Kutoa fiche na kupokea fiche ni mambo mawili tofauti kabisa.

Na hapa zawadi inatuchanganya wengi. Kwetu zawadi ni heshima. Mgeni akileta kuku, kumkatalia ni kumvunjia heshima. Sawa. Lakini mkandarasi anayesubiri saini yako akileta ng'ombe kwenye harusi ya binti yako, ng'ombe huyo ana kamba ndefu.

Kumbukeni sakata la akaunti ya Tegeta Escrow mwaka 2014. Bunge lilielezwa jinsi viongozi mbalimbali walivyoingiziwa fedha nyingi katika akaunti zao binafsi. Mwaka uliofuata Baraza la Maadili liliwahoji baadhi yao hadharani, na aliyekuwa waziri mmoja alieleza kwamba fedha alizopokea zilikuwa mchango kwa ajili ya shule. Simhukumu mtu hapa. Ninachosema ni kwamba jambo jema kama shule halihitaji kupita kwenye giza. Na tusinyooshe kidole serikalini tu: hata baadhi ya watumishi wa Kanisa walitajwa katika orodha ile. Hilo lilituuma, na lilipaswa kutuuma.

"Watanionea wivu, na wengine hawasemi ukweli"

Hoja hizi mbili ndizo nzito kuliko zote, na sitaki kuzipita haraka.

Husuda ipo. Kijiji kikijua una viwanja vitatu, Jumamosi mlango haufungwi: huyu ada, yule matibabu, mwingine nauli. Na majambazi nao wana masikio. Lakini fomu haibandikwi kwenye mbao za matangazo ya kata. Inakwenda Sekretarieti, na anayetaka kukagua rejesta anafuata masharti. Tena mimi naona masharti yenyewe yanabana mno. Anayeomba kura za wananchi angeweza kuonyesha jumla ya alicho nacho bila kutaja majina ya watoto wake wala mahali nyumba ilipo. Faragha ya familia ni haki. Faragha ya njia uliyotajirikia ukiwa ofisini si haki. Na uongozi haulazimishwi. Asiyetaka mzigo uhesabiwe, asiubebe.

Ya pili: wapo wanaoandika majina ya wajomba na mashemeji, fomu ikaonekana safi kama shuka ya altare. Kweli kabisa. Karatasi haimfanyi mtu mtakatifu. Lakini udhaifu huo hauvunji wajibu wangu. Watu wanapokea Komunyo isivyostahili, na hatujafunga tabernakulo kwa sababu hiyo. Fomu ya uongo ina faida moja: imewekwa saini. Siku ukweli ukitoka, mtu hawezi kusema hakuulizwa.

Katekisimu, namba 2409, inaiweka rushwa chini ya amri ya saba, pamoja na kukwepa kodi na kughushi hundi. Yaani ni wizi, siyo ujanja wa mjini. Papa Fransisko alipozungumza na vijana Kasarani, Nairobi, Novemba 2015, aliifananisha rushwa na sukari: tamu, rahisi, halafu inakuletea ugonjwa. Hakuna aliyeanza na bilioni. Watu huanza na kijiko.

Tufanye nini sisi tusio na fomu?

Mtumishi wa Mungu Julius Nyerere alisoma hapa Tabora, na baada ya Makerere akarudi kufundisha hapa katika shule ya Mtakatifu Maria. Mwaka 1966, alipowakasirikia wanafunzi wa chuo kikuu waliogomea masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, alianza na mfuko wake: alipunguza mshahara wake kwa asilimia 20, na nchi nzima ikajua. Unaweza kubishana naye kwa mengine. Lakini mshahara wake haukuwa fumbo.

Basi tuanze na udogo wetu. Wewe mweka hazina wa kwaya, soma hesabu mbele ya wanakwaya kabla hawajauliza. Wewe uliyeshika michango ya harusi, toa orodha na risiti kwenye kundi, hata kama kilichobaki ni shilingi 3,500. Wewe unayeanza kazi halmashauri, andika kwenye daftari ulicho nacho siku ya kwanza: godoro, simu, deni la bodi ya mikopo. Mwonyeshe mtu mmoja unayemwogopa kidogo, labda mama yako. Kila mwaka fungua daftari hilo uongeze mstari, na pembeni uandike kimetoka wapi. Ukifika mstari ambao mkono unasita kuandika, simama hapo. Hapo ndipo pa kwenda kuungama, na hapo ndipo pa kurudisha.

Kijana wetu, jibu langu ni hili: Mungu anajua, ndiyo. Kwa hiyo hatutangazi ili Yeye ajue. Tunatangaza kwa sababu mzigo ni wa jirani, na jirani hana macho ya Mungu.

*Tusali: Ee Bwana, uliyeingia nyumbani mwa Zakayo mchana kweupe, ingia na katika hesabu zetu. Utupe mikono isiyosita kuandika ukweli, na uwajalie viongozi wetu moyo wa Samweli. Amina.*